Sifa za Bingwa: Nani Alikuzwa, Nani Alichuja

Kwenye vijiwe vya kahawa vya Kigamboni, kuanzia kivukoni mpaka Tungi na Mji Mwema, kuna swali lisilozeeka: bondia Rashid Matumla, yule Snake Man, alikuwa bingwa kweli au alikuzwa tu? Likiulizwa jioni, watu wanaposhuka kwenye pantoni wakirudi makwao, hujibiwa na watu watano kwa mpigo, na kahawa humalizika kabla ya ubishi.

Mimi ni mpenzi wa ngumi na mpenzi wa maneno, na nina hoja moja ya kutetea. Ubishi huu haupati mwisho kwa sababu wabishi hutumia maneno manne tofauti wakidhani yana maana moja. Huyu anasema alibebwa. Yule anasema alipewa vibonde. Wa tatu anasema alikuzwa. Wa nne anasema alichuja. Kila neno lina shitaka lake, lina mshitakiwa wake, na linadai ushahidi wa aina yake. Tukiyatenganisha, kesi ya Matumla inaamulika, na kesi za mabondia wengine wengi pia.

Sifa

Neno la kwanza la kufunguliwa ni sifa, maana ndilo lenye fundo. Tangazo la kazi likiandika "sifa za mwombaji", linauliza mtu ana nini: elimu, uzoefu, cheti. Jirani akisema "yule anapenda sifa", anazungumzia jambo jingine kabisa: kutajwa, kushangiliwa, kuonekana. Kiswahili kimeweka vitu viwili ndani ya neno moja: alichonacho mtu, na anachosemewa na watu.

Sioni kasoro katika hilo. Katika mtaa ambamo watu wanajuana, aliyesifiwa kwa mapishi ni yule aliyepikia watu wakashiba, na aliyesifiwa kwa uvuvi ni yule aliyerudi na samaki wakauzwa pwani. Sifa ya mdomoni ilitembea karibu na sifa ya mkononi. Ngumi za kulipwa zimeziachanisha. Kijana wa Kibada anaweza kumsifu au kumbeza bondia ambaye hajapata kumwona akipiga hata raundi moja. Amesikia tu kwamba alikuwa na mkanda, au kwamba alipigwa. Anazo sifa za kusemwa, hana sifa za kuonwa.

Kwa hiyo, anayesema bondia fulani alikuzwa anadai kwamba sifa alizopewa zilizidi sifa alizokuwa nazo. Dai hilo lina pande mbili, na anayelileta anapaswa kuzileta zote: nini hasa kilisemwa, na nini hasa kilikuwapo. Wabishi wengi huleta upande mmoja wakaona wamemaliza kazi.

Bingwa

Fundo la pili ni bingwa. Kabla michezo haijalichukua, neno hili lilihusu ujuzi, na mpaka leo hospitali zetu zinalitumia hivyo. Daktari bingwa hupata jina hilo kwa kusoma na kutibu, si kwa kumshinda daktari mwenzake. Michezo imeliongezea maana nyingine: bingwa ni aliyeshinda mashindano au aliyetwaa taji. Maana hizo mbili mara nyingi hukutana kwa mtu mmoja, lakini si lazima zikutane.

Tumtazame Titus Simba. Mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Edinburgh, Simba alifika fainali ya uzito wa kati akiwa na bendera ya Tanzania. Alishindwa na Mwingereza John Conteh, akarudi na medali ya fedha. Miaka minne baadaye Conteh huyohuyo akawa bingwa wa dunia wa WBC katika uzito ulio juu ya ule wa Edinburgh. Kwa maana ya taji, Simba hakuwa bingwa wa Edinburgh. Kwa maana ya ujuzi, alikuwa mtu aliyesimama ulingo mmoja na bingwa wa dunia wa kesho na kuwapiga wengine wote waliokuwa njiani. Neno bingwa la hospitalini lingemtosha. Neno bingwa la michezoni linamwacha nje.

Tofauti hii haileti ubishi mkubwa kwenye ngumi za ridhaa. Ridhaa ni kukubali kwa moyo, na mabondia wa ridhaa hupigania medali ambayo kwa kila uzito dhahabu yake ni moja. Michael Yombayomba alipotwaa dhahabu ya Jumuiya ya Madola mwaka 1998 huko Kuala Lumpur, hakukuwa na Kuala Lumpur nyingine ambako mtu mwingine wa uzito wake alikuwa akivishwa dhahabu ya mashindano hayohayo. Hakuna kijiwe kinachobishana kuhusu Yombayomba. Ubishi unaanza mtu anapovuka kwenda kwenye ngumi za kulipwa, mahali ambapo medali inageuka kuwa mkanda.

Mkanda

Mkanda si mmoja. Kuna mamlaka nne ambazo ulimwengu wa ngumi unazihesabu kuwa kubwa: WBA, yenye mizizi tangu 1921, WBC, iliyoundwa 1963, IBF, ya 1983, na WBO, ya 1988. Nje ya hizo nne kuna nyingine kadhaa, kila moja ikitoa mkanda wake na kumwita mwenye mkanda bingwa wa dunia. Miongoni mwao ni WBF na WBU.

Mkanda wa Matumla, ule uliompa jina la bingwa wa dunia wakati karne iliyopita ikielekea ukingoni na hii ikianza, ulikuwa wa WBU. Mkanda alioutwaa Francis Cheka wa Morogoro, tarehe 30 Agosti 2013 katika ukumbi wa Diamond Jubilee, alipomshinda Mmarekani Phil Williams kwa pointi, ulikuwa wa WBF. Mikanda yote miwili ni halali, na watu waliivujia jasho. Lakini yote miwili iko nje ya zile nne, na mwandishi anayeandika "bingwa wa dunia" bila kutaja nani aliyemvisha mkanda huo anamnyima msomaji kipimo.

Hapo mwenye shaka husema kwa haraka kwamba basi WBU ilikuwa mkanda wa bure. Si kweli pia. George Foreman aliwahi kuutetea mkanda wa WBU katika uzito wa juu baada ya kurudi ulingoni na kushangaza dunia akiwa na miaka 45. Ricky Hatton wa Uingereza aliushika kwa miaka kadhaa katika uzito mwepesi kuliko wa Matumla, kisha Juni 2005 akamshinda Kostya Tszyu jijini Manchester na kutwaa mkanda wa IBF. Wakati Hatton anauvaa mkanda wa WBU wapo waliosema ni wa vibonde; baada ya Tszyu waligundua kwamba mtu aliyeuvaa alikuwa mkubwa kuliko mkanda wenyewe. Mkanda mdogo unaweza kukaa kwenye kiuno cha bondia mkubwa. Unachoshindwa kufanya ni kuthibitisha peke yake kwamba bondia huyo ni mkubwa.

Kipimo kizuri zaidi kiko kwenye mizani. Matumla alivaa mkanda wake katika uzito ambao kikomo chake ni kilo 69.85, na Afrika Mashariki ina historia nzito katika kilo hizo. Ayub Kalule wa Uganda alikwenda Japani Oktoba 1979 akampokonya Masashi Kudo mkanda wa WBA, akaushika mpaka Juni 1981 aliposimamishwa na Sugar Ray Leonard raundi ya tisa huko Houston. Mganda mwingine, John Mugabi, alitwaa mkanda wa WBC wa kilo hizo mwaka 1989 nchini Ufaransa, mpinzani wake René Jacquot alipoumia mguu katika raundi ya kwanza. Mwaka uliofuata akaupoteza kwa Terry Norris, pia raundi ya kwanza. Na katika kilo hizohizo Hassan Mwakinyo wa Tanga alimsimamisha Sam Eggington raundi ya pili, tarehe 8 Septemba 2018, mjini Birmingham.

Hebu tumtafakari Mugabi kwa dakika moja, maana anafundisha. Mkanda wake aliupata kwa mguu wa mwenzake ulioumia, na ukadumu kwa muda mfupi. Lakini mtu akitajiwa Mugabi, mkanda huo sio anaoukumbuka. Anakumbuka usiku wa Machi 1986, Las Vegas, Mugabi alipopanda uzito kumkabili Marvin Hagler, wakapigana vita vya kikatili mpaka Mugabi akaanguka raundi ya 11. Usiku uliompa sifa kubwa kuliko zote ni usiku alioshindwa. Sifa ya mkononi ilionekana hata pale taji lilipokosekana. Ukisema Mugabi alikuwa mkubwa kwa sababu ya mkanda wa 1989, umeshika ushahidi dhaifu. Ukisema kwa sababu ya Hagler, umeshika wenye nguvu.

Kubebwa

Sasa tuje kwenye mashitaka yenyewe. La kwanza ni kubebwa. Neno linatoka kwa mtoto mgongoni mwa mama, na washabiki wa mpira wameliongezea kifaa chake: mbeleko. Timu iliyopewa penalti ya utata "imebebwa kwa mbeleko". Kwenye ngumi, kubebwa ni shitaka dhidi ya waamuzi na majaji. Bondia mwenyewe anaweza kuwa hana kosa lolote. Anasimama katikati ya ulingo akisubiri kama wengine, na mkono wake unainuliwa.

Kwa kuwa mshitakiwa ni jaji, ushahidi unapatikana kwenye kadi za majaji na kwenye picha za pambano. Shitaka hili halina mahali pa kusimama pambano lilipoisha kwa mtu kupigwa akashindwa kuendelea, na lina nguvu ndogo sana bondia aliposhinda ugenini. Mtu anaweza kusema mengi kuhusu Mwakinyo, lakini hawezi kusema alibebwa Birmingham, nyumbani kwa Waingereza, katika pambano lililokatishwa raundi ya pili. Kinyume chake, pambano la pointi lililopigwa nyumbani linaruhusu swali, na swali hilo si tusi. Anayeuliza alete kadi. Akija na kelele tu, neno alibebwa halimstahili.

Vibonde

Shitaka la pili ni vibonde. Kibonde ni mpinzani dhaifu aliyeletwa apigwe, na sikio langu husikia kubonda ndani ya neno hilo. Mshitakiwa hapa ni promota, au meneja anayechagua nani apande ulingoni. Ushahidi unatafutwa kwenye rekodi ya wapinzani siku ile walipokutana na bondia wetu, si baada ya miaka kumi.

Shitaka hili limewafuata hata wakubwa wa wakubwa. Joe Louis alitetea ubingwa wake wa uzito wa juu mara 25 kati ya 1937 na 1949, na kuna kipindi ambacho alipigana mfululizo kiasi kwamba waandishi wa Marekani waliwaita wapinzani wake vibonde wa kila mwezi. Je, Louis alikuzwa? Hapana. Aliwapiga vibonde na akawapiga wasio vibonde, na bondia anayetetea taji mara 25 hawezi kukwepa kukutana na wote wawili.

Kwa Matumla, mtu anayetaka kutumia neno hili akumbuke nani walikuwa mitaani zama zile. Maneno Oswald, Mtambo wa Gongo, si mtu ambaye wapenzi wa ngumi wa Dar wangemwita kibonde. Jina lake lilijaza ukumbi, na uhasama wake na Matumla uliendelea mpaka wote wawili wakawa watu wazima. Kibonde huja mara moja, akapigwa, akasahaulika. Mtu unayerudiana naye kwa miaka, na watu wakaendelea kulipa kiingilio, ana jina jingine: hasimu.

Kukuza

Shitaka la tatu ni kukuza, na hapa mimi ninalichukulia kwa uzito mkubwa kuliko mengine, kwa sababu mshitakiwa ni sisi. Anayekuza ni mtangazaji, mwandishi, shabiki, kijiwe. Tuna maneno mengi kwa kazi hii moja: kukuza, kupamba, kutia chumvi, kupaisha, kuvumisha. Wingi wa maneno haya ni ushahidi kwamba tunaifanya mara nyingi.

Neno ulingo linasaidia kueleza kwa nini. Ulingo wa asili ni jukwaa la miti lililojengwa shambani ili mlinzi akae juu awaone ndege na kuwafukuza. Aliyepanda ulingo alipanda aone. Tulipolihamishia neno hili kwenye ngumi, na baadaye kwenye siasa, tuliligeuza: anayepanda ulingo sasa anapanda aonwe. Bondia yuko juu, taa ziko juu yake, na maelfu ya macho yako chini. Kila kitu kimejengwa ili aonekane mkubwa. Mtangazaji hana budi kumwongezea sauti, maana ukumbi unamtaka afanye hivyo.

Hata hivyo kukuza kuna namna mbili, na tusizichanganye. Kuna bondia anayekuzwa na wengine, na kuna anayejikuza mwenyewe kwa tambo. Karim Mandonga, Mtu Kazi, alizipa ngumi zake majina, Sugunyo na Ndoige, na nchi nzima ikajifunza majina hayo, hata watu wasiofuatilia ngumi. Januari 2023 alikwenda Nairobi akamshinda Daniel Wanyonyi, na mitaa ya Temeke na Kinondoni ikarudia neno Sugunyo kwa wiki kadhaa. Je, Mandonga ni bondia aliyezidishiwa sifa? Kwa maoni yangu hapana. Tambo ni sanaa ya zamani pwani: iko kwenye ngoma za mashindano, iko kwenye taarabu, iko kwenye mpira. Msikilizaji wa tambo anajua anasikiliza tambo. Hajadanganywa. Aliyezidishiwa sifa ni yule ambaye habari iliyoandikwa kama habari ilisema jambo kubwa kuliko lililokuwapo.

Na hapo ndipo ninapokiri kwamba kwenye zama za Matumla kulikuwa na ukuzaji. Uliingia kupitia maneno matatu yaliyoandikwa bila maelezo: bingwa wa dunia. Msomaji wa Mbagala au Vijibweni aliyesoma maneno hayo aliamini kwamba duniani kote, katika kilo zile, hakukuwa na mtu mwingine mwenye kuitwa hivyo. Walikuwapo. Mikanda ya zile mamlaka nne ilikuwa mikononi mwa watu wengine wakati huohuo. Kosa si la aliyeuvaa mkanda wa WBU kwa jasho lake. Kosa ni la sentensi.

Kuna methali ambayo wabishi huileta hapa: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Ni methali nzuri, lakini inashitaki mtu mwingine kabisa. Hailaumu waliosifu, inamlaumu aliyesifiwa kwa kulegeza kazi. Kumwita bondia mgema wa namna hiyo ni kudai kwamba baada ya sifa aliacha mazoezi, akaja ulingoni na kazi iliyochanganywa na maji. Kwa Matumla dai hilo halishiki. Huyu ni mtu aliyepigania taifa kwenye ngumi za ridhaa hadi Olimpiki, akaingia ngumi za kulipwa, na akaendelea kupanda ulingoni umri ukielekea na kupita miaka 40. Kama ana kosa, ni kugema mno, hata baada ya mnazi kuchoka.

Kuchuja

Tumefika kwenye neno la nne, na kwa maoni yangu ndilo linaloamua kesi.

Jioni moja kijiweni upande wa Kigamboni, mzee mmoja aliyewahi kufundisha vijana ngumi huko Temeke alichoka kusikiliza. Alikiweka kikombe chake chini karibu na jiko la mkaa, akasimama, akavuta kiti nyuma kwa kisigino. "Mwanangu, usitazame mkono," alimwambia kijana wa bodaboda aliyekuwa akibisha zaidi ya wote. "Tazama mguu." Akauweka mguu wa kushoto mbele, kidole gumba kikielekea kwa kijana, akainama kidogo magotini. Akamwambia arushe ngumi polepole. Kijana akarusha. Mzee hakurudi nyuma. Aligeuza bega la kushoto nusu kiganja, kiuno kikafuata, ngumi ikapita sikioni, na papo hapo konde lake la kulia lilikuwa limesimama kwenye mbavu za kijana bila kumgusa. "Alikuwa anakwepa kwa kiuno. Ukimkosa, umeshaliwa. Ndiyo maana wakamwita nyoka."

Kijana akacheka, kisha akatoa hoja yake: "Sawa mzee, lakini si Cheka alimpiga?"

Mzee akakaa. "Alimpiga Matumla wa mwaka gani?"

Swali hilo lina uzito kuliko maelezo yote. Kuchuja, katika Kiswahili cha mitaani, ni kupungua kwa aliyewahi kung'aa: msanii kachuja, mchezaji kachuja. Limetoka kwenye nguo. Khanga ikichuja kwa kufuliwa na jua, hakuna anayeigeuza akasema haikuwahi kuwa nyekundu. Cheka alimpiga Matumla, na ushindi wake ni halali. Lakini Matumla alizaliwa mwaka 1968 na Cheka ni mdogo kwake kwa zaidi ya miaka kumi. Walikutana wakati Matumla akiwa na umri wa miaka 40 hivi, na Cheka akiwa kwenye nguvu zake. Pambano la namna hiyo linathibitisha kwamba Cheka alikuwa mzuri na kwamba Matumla alikuwa amechuja. Halithibitishi kwamba Matumla alikuzwa.

Dunia nzima inalijua hili linapomhusu Muhammad Ali. Februari 1980 Ali alifika Dar es Salaam akiwa mjumbe wa Rais Jimmy Carter, kuishawishi Tanzania isusie Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere hakumpokea. Oktoba mwaka huohuo, akiwa na miaka 38, Ali alipigwa na Larry Holmes kiasi kwamba kona yake iliomba pambano lisimamishwe. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayelitumia pambano la Holmes kuthibitisha kwamba Ali wa 1964 au wa Kinshasa 1974 alikuwa amekuzwa. Alikuwa amechuja, basi. Kipimo tunachompa Ali, kwa nini tumnyime Matumla?

Neno hilihili linatusaidia upande wa pili pia, kwa wale ambao hawajachuja bado wakahukumiwa haraka. Cheka alipokwenda Moscow Desemba 2013 akapigwa na Fedor Chudinov raundi ya tatu, vijiwe vilisema alikuzwa. Mwaka 2015 Chudinov akamshinda Felix Sturm na kutwaa mkanda wa WBA. Mwakinyo aliposimamishwa na Liam Smith raundi ya nne, Septemba 2022 mjini Liverpool, watu walewale waliompandisha baada ya Birmingham wakamteremsha kwa neno lilelile: alikuzwa. Smith alikuwa amewahi kuwa bingwa wa dunia wa WBO katika kilo hizohizo. Kupigwa na mtu wa daraja hilo kunaonyesha mpaka wa uwezo wa mtu siku hiyo. Hakufuti siku nyingine alizoshinda.

Hukumu

Basi Matumla. Alibebwa? Anayesema alete kadi. Alipewa vibonde? Mahasimu wake wa nyumbani wanakataa. Alichuja? Ndiyo, kama wanavyochuja wote wanaodumu. Alikuzwa? Kilichokuzwa ni maana ya mkanda, si uwezo wa mtu. Alikuwa bingwa kwa maana ya kwanza ya neno, ile ya ujuzi, na alikuwa mwenye mkanda wa WBU kwa maana ya pili. Maelezo hayo mawili yakiandikwa pamoja, hakuna kilichozidi na hakuna kilichopungua.

Kutokana na hayo, nina pendekezo kwa waandishi wa michezo na kwa watangazaji. Kila bingwa anapotajwa, yatajwe mambo manne: jina la mamlaka iliyotoa mkanda, uzito kwa kilo, mwaka pamoja na umri wa bondia, na namna pambano lilivyoisha. Ni maneno kumi tu kwenye sentensi. Yangezima nusu ya ubishi wa Kigamboni, na ile nusu inayobaki ingekuwa ubishi wa maana.

Ninapendekeza pia tuwe na istilahi mbili za kudumu, zilizojengwa kwa maneno ambayo tayari tunayo. Bondia ambaye sifa za kusemwa zimepita sifa za mkononi, tumwite aliyezidishiwa sifa. Msemo huu haumtaji mwamuzi wala promota, haumlaumu bondia, na unaacha wazi nani alizidisha, ili mwenye hoja amtaje. Na kwa upande wa pili tunalo neno kamili la sokoni, linalojulikana na kila aliyewahi kununua kibaba cha mchele: kupunjwa. Bondia ambaye alichonacho ni kikubwa kuliko anachosemewa, huyo amepunjwa sifa.

Istilahi hii ya pili ndiyo tunayoihitaji zaidi. Miaka yote tumekuwa tukiuliza nani alizidishiwa, tukimrudia Matumla jioni kwa jioni, na huku Titus Simba aliyefika fainali ya Edinburgh 1970 na Michael Yombayomba aliyeleta dhahabu ya Kuala Lumpur 1998 hawatajwi. Mwaka 2022, tena kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Birmingham, Kassim Mbundwike na Yusuf Changalawe walirudi na medali za shaba za ngumi, na vijana wengi wanaoweza kukutajia ngumi zote za Mandonga hawawezi kukutajia majina hayo mawili. Bondia wa ridhaa hana promota wa kumpamba, hana mkanda wa kuinua juu, hana mtangazaji wa kumtia chumvi. Hao ndio tuliowapunja, na deni la kuwapunja ni letu sote tunaozungumza habari za ngumi. Kijiwe kikianza tena na swali la nani alikuzwa, kiulize na hili la pili: nani hatujamlipa?